Owor Moto Alipopunguza Mwendo

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile Jumamosi mzee Owor alipokataa kupiga gitaa kama alivyolipiga alipokuwa kijana. Nakuita mwanangu na najua unacheka, kwa sababu wewe uko Senior One na mimi niko Senior Six, na huenda mama zetu walikuwa wakisuka nywele saluni moja. Cheka tu. Katika kilabu cha muziki cha shule hii mimi ndiye mzee. Kinachonizidi umri ni kile kinanda cha pembeni, na chenyewe hakisemi tena. Kwa hiyo keti, weka simu mfukoni, nikueleze mambo ya ujana wangu, nilipokuwa na miaka kumi na tano na akili ya kuku wa jirani.

Nimekusikia jana ukipiga gitaa la shule. Vidole vyako vina mbio kuliko boda ya magendo ikiona askari wa forodha. Nimeona pia kwamba kila ukimaliza kipande unainua kichwa kutazama nani amekutazama. Hicho ndicho kilichonifanya nikuite. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, ila mimi nilikuwa na sura nzuri kidogo.

Sasa mzee Owor ni nani. Ni Mjopadhola, kwao ni Kiyeyi, ana shamba la mihogo huko na mbuzi wanaomdharau. Lakini tangu ujana wake kazi yake ni gitaa, na amelipigia hapa Busia, pande zote mbili za mpaka. Alipiga roki. Si ule muziki wa kubembeleza wageni wakila, ni roki yenyewe, gitaa linanguruma mpaka bati la baa linajibu. Watu wakamwita Owor Moto. Mama yangu anasema siku hizo alikuwa akipiga gitaa likiwa nyuma ya kichwa, anapiga magoti, na mwisho analipiga kwa meno. Nilipomjua mimi, meno yenyewe yalikuwa yamekwisha kuhama, kwa hiyo hilo la meno halikuhitaji uamuzi.

Mengine yalihitaji. Kilianza kidole kidogo cha mkono wa kushoto kukataa kukunja. Badala ya kuacha kazi, alizihamisha nyimbo zake zote, zikashuka huku mwanzoni mwa shingo la gitaa ambako vidole vitatu vinatosha. Halafu akalegeza waya, ili zisiume, na sauti ya gitaa ikawa nzito kama ya mtu aliyetoka kuamka. Sisi wengine wa bendi yake ikabidi tulegeze pia. Halafu magoti, akaanza kupigia kwenye kiti, kiti cha plastiki cha kijani alichokuwa akikibeba mwenyewe kila tulikokwenda. Halafu akapunguza sauti ya spika yake. Na mwendo wa nyimbo, mwanangu, mwendo ulishuka kila mwaka kidogo kidogo, mpaka vijana wa pale Busia wakaanza kumwita Owor Majivu. Alisikia. Alicheka nao, akaagiza chai.

Mimi nilikuwa napiga ridhimu, yaani gitaa la pili, lile la kushikilia wimbo usianguke wakati mwenye solo anaruka. Kwenye dramu alikuwa Nekesa, dada wa Kisamia kutoka Busia ya Kenya, amenizidi kama miaka sita na mdomo amenizidi zaidi. Vyombo vyote vilikuwa vya Hajji Musa, yule mwenye malori yanayopita mpakani. Gari la kubebea bendi lake, spika zake, na uamuzi wake.

Basi Hajji akawa anamwoza mwanawe wa mwisho, na karamu ilikuwa ifanyike katika ukumbi mmoja mjini Tororo. Siku moja ya mazoezi akaja na simu mkononi. Mtu alikuwa amempa video ya harusi yake mwenyewe, ile ya zamani, iliyotolewa kwenye kanda ikaingizwa kwenye simu. Tukasongamana kutazama. Kumbe Hajji alikuwa mwembamba. Kumbe Hajjati, mkewe, alikuwa akicheka hadharani. Na mbele ya watu wote alikuwa mzee Owor, kijana, suruali imembana juu na kupanuka chini, anapiga solo ya wimbo wao wa lori lililokwama matopeni. Mwanangu, ile solo ilikuwa kama mawe yanayoporomoka mlimani. Hukuweza kuona vidole.

"Nataka hivi," Hajji akasema. "Wimbo huu, solo hii. Usipunguze hata sauti moja."

Mzee Owor akaitazama video kwa utulivu. "Hajji, hata wewe hapo una kiuno."

"Kiuno changu hakikuajiriwa, Owor. Vidole vyako vimeajiriwa."

Tukacheka sote, na mzee pia. Lakini Hajji hakuwa anatania hadi mwisho. Alisema watu wamekuwa wakimlalamikia. Bendi imepoa, wanasema, bendi inasinzia. Alisema kama mzee hawezi ile solo, basi Siraji aipige, na Siraji ni mimi. Akaongeza neno ambalo hakuna aliyelicheka: si kwa siku ya harusi tu, ni moja kwa moja. Mzee angeweza kwenda Kiyeyi kupumzika.

Mzee Owor alikuwa mjane. Watoto wake walikwenda Kampala wakawa watu wa Kampala. Mtu wa kupumzika naye Kiyeyi hakuwepo, ni wale mbuzi tu. Nilijua hilo. Lakini kichwa changu kilikuwa kimekwisha kuvaa suruali ile ya kwenye video.

Nikaomba nitumiwe video hiyo kwenye simu yangu. Likizo nzima nikaifuata solo, sauti kwa sauti. Nilikuwa nalala na gitaa kitandani mpaka mama akaniuliza kama nimelipa mahari. Na nikaipata, mwanangu. Sikukosa kitu. Hata pale ambapo kijana yule kwenye video aliteleza kidogo, nami niliteleza vilevile, kwa heshima.

Sasa sikiliza ujinga wangu ulivyokuwa na roho nzuri. Sikutaka mzee afukuzwe. Nikabuni mpango. Siku ya harusi nitakaa nyuma ya spika kubwa, mzee atakaa mbele na gitaa lisilounganishwa, akunje uso na kutikisa kichwa, na mimi huko nyuma nipige. Hajji atapata solo yake, mzee atabaki na kiti chake, na mimi nitajua siri yangu. Nikaupeleka mpango huo kwenye mazoezi nikiwa nauona kama sadaka.

Nekesa alicheka mpaka akaweka vijiti chini. "Buda atikise kichwa? Na shingo lenyewe linalia kama mlango? Wee Siraji, utatuua."

Mzee Owor hakucheka. Akaniambia, "Lete simu yako. Kuja huku."

Tukakaa nje kwenye benchi. Akaniambia nifungue ile video, kisha akaweka kiganja chake juu ya kioo, akafunika picha yote. Kiswahili chake hakihesabu watu: ninasikia, unasikia, wanasikia, mara nyingi kwake yote ni nasikia.

"Sasa sikia. Nasikia nani?"

"Nakusikia wewe, mzee."

"Huyo achana naye. Mwingine."

Nikasikiliza. Solo ilikuwa inaporomoka. Nikamwambia nasikia besi. Akatikisa kichwa. Akairudisha nyuma, tukasikiliza tena, tena. Na hapo ndipo nikaanza kusikia dramu. Nilikuwa nimeisikiliza video hiyo likizo nzima na sikuwa nimewahi kuisikia dramu, kama vile ukuta hausikiki. Mpiga dramu alikuwa anafanya kitu. Kila baada ya muda mfupi alikuwa anatupa mapigo madogo, matatu, manne, halafu ananyamaza kama mtu aliyeuliza swali. Halafu anauliza tena. Na gitaa halikumjibu hata mara moja. Lilikuwa linapita juu yake kama lori linavyopita mtu wa baiskeli.

"Yule ni Barasa," mzee akasema. "Rafiki yangu. Unasikia yeye naita mimi? Hapo. Na hapo tena. Yeye naomba nafasi. Mimi niko wapi? Mimi niko mbali, nakimbia, naangalia wasichana wa mbele."

Akanieleza kwamba wakati ule alidhani Barasa ni mzito, hawezi kumfuata. Walikuwa wakigombana kila baada ya onyesho. Mwishowe Barasa alichoka, akaacha dramu, akaenda Tiira kuchimba dhahabu kwenye mashimo, na huko akaugua akafa. Hawakupiga pamoja tena. Miaka ikapita, vidole vya mzee vikaanza kukataa mbio, na siku moja kwenye baa, alipokuwa amesimama katikati ya solo kwa sababu ya maumivu tu, akamsikia mpiga dramu wa siku hiyo akijibu. Alisema alishtuka. Alikuwa amepiga muziki maisha yake yote na hakujua kwamba kuna mtu mwingine jukwaani.

"Kwa hiyo hii sasa," akaonyesha vidole vyake vilivyovimba, "watu nasema ni ugonjwa. Kweli, ni ugonjwa. Lakini ile kunyamaza si ugonjwa. Ile ni mimi naweka." Akanirudishia simu. "Wewe, mtoto wa watu, naiba kitu mimi mwenyewe nilitupa. Nakwenda jalalani nachukua, naleta kwangu, nasema mzee, tazama, zawadi."

Hilo ndilo karipio nililopewa, mwanangu, bila kofi na bila kelele. Ningependa kukuambia kwamba liliniingia palepale. Halikuingia. Nilisema ndiyo mzee, nikarudi ndani, na moyoni nikasema: ananionea wivu.

Siku ya harusi ikafika, ile Jumamosi. Ukumbi ulikuwa chini ya Mwamba, lile jiwe kubwa la Tororo ambalo kwa Kiingereza ni Rock, kwa hiyo kila mgeni aliona wajibu wa kufanya utani kuhusu roki na Mwamba, na kila mmoja alidhani ni wa kwanza. Tulianza baada ya sala ya alasiri. Pilau ilikwisha kuliwa, sheikh alikuwa ameaga na kwenda zake. Kabla hatujapanda jukwaani Hajji alinivuta fulana pembeni. "Akikwama tu," akaninong'oneza, "wewe ingia. Usiningojee."

Wimbo wa lori ukaanza. Polepole. Mzee kwenye kiti chake, waya zimelegezwa, mguu mmoja unagonga sakafu. Tukaimba beti, watu wakawa wanatikisa mabega huku wameketi. Ikafika solo. Mzee akapiga sauti chache tu, nzito, ile ya mwisho akaivuta ikalia muda mrefu, halafu akaondoa mkono kwenye waya. Kimya.

Kutoka meza za nyuma sauti ya kijana ikasema, "Moto umezimika, mleteeni kiberiti." Watu wakacheka.

Nikamtazama Hajji. Hajji ananitazama, macho yamemtoka. Nikaingia.

Niliipiga ile solo yote, mwanangu. Mwanzo mpaka mwisho, kama ilivyo kwenye kanda, na kuteleza kwake. Ukumbi ulilipuka. Vijana walikimbilia mbele na simu zao juu, wanapiga video, wanapiga mbinja. Nilidhani nimekuwa mtu. Nilitupa jicho kwa Nekesa anione. Alikuwa anapiga, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayeendesha baiskeli nyuma ya lori.

Halafu solo ikaisha, kwa sababu kwenye kanda pia iliisha. Na mimi sikuwa na kingine. Nilikuwa nimejifunza kitu kimoja tu. Nikasimama na gitaa langu kama mtu aliyemaliza kusoma tangazo. Nikatazama ukumbi vizuri kwa mara ya kwanza, na nikaona kwamba hakuna anayecheza. Hata mmoja. Walikuwa wamesimama wima na mikono juu, wanashika simu. Wazee wa mezani walikuwa wameziba masikio kwa adabu, wakijifanya wanakuna vichwa. Bibi harusi alikuwa anasoma ujumbe.

Mzee Owor hakukasirika. Aliinama upande wangu, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza kama chumvi imefika, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Haya. Shika ridhimu. Watu wana miguu."

Akaanza tena. Zile sauti chache, ile moja ya kuvuta, na akaondoa mkono. Kimya kilekile. Safari hii mikono yangu nilikuwa nimeibana kwenye ridhimu, sikuthubutu. Na ndani ya kile kimya Nekesa akajibu. Mapigo madogo, matatu, manne, yanauliza. Mzee akamjibu kwa sauti mbili. Nekesa akacheka, nilimsikia akicheka pale kwenye dramu, akatupa swali jingine, refu zaidi. Mzee akalifikiria. Kweli alilifikiria, mbele ya watu wote wale, na ukumbi ukangoja naye. Alipojibu, mama mmoja mnene wa meza ya mbele akatoa sauti kama aliyepata habari, akainuka kucheza.

Wakafuata wengine. Si vijana kwanza. Ni wazee, watu wa magoti mabovu, madereva wa zamani wenye vitambi, wanawake waliokuwa wakisema wamechoka. Ule mwendo uliwatosha. Kulikuwa na nafasi ya kuweka mguu, na nafasi ya kuuinua. Simu zikaanza kushuka, kwa sababu huwezi kupiga video na kucheza na shangazi yako kwa wakati mmoja.

Halafu nikamwona Hajjati anamtazama mumewe. Hajji alikuwa bado ameketi, amenuna, anautafuta wimbo wake. Hajjati akasema kitu ambacho sikukisikia. Hajji akatikisa kichwa. Hajjati akasimama peke yake, akaweka mkoba kwenye kiti, akamnyooshea mkono, akangoja. Mwanangu, yule mtu ana malori sijui mangapi, lakini alisimama kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Wakacheza. Ile solo ya video isingewawezesha, wangevunjika mahali. Hii waliiweza. Mzee Owor akawaona, akapunguza mwendo kidogo tena, na Nekesa akashuka naye bila kuambiwa.

Wimbo ulipokwisha, Hajji akaja jukwaani anajifuta jasho. Nilidhani atasema neno kubwa. Alisema, "Ile ya zamani ilikuwa kali zaidi."

"Ilikuwa kali," mzee akakubali.

"Hii umeifupisha."

"Hii ni ndefu kuliko ile, Hajji. Wewe ulikuwa huna habari, ulikuwa nacheza."

Hajji akamtazama, akatazama kile kiti cha plastiki, akasema kiti hicho ni cha aibu, kinaonekana kwenye picha za harusi. Akaagiza waletewe kiti kimoja cha meza kuu, kile chenye mto, na kikaletwa, na mzee akapandishwa juu yake kama mgombea. Habari ya Kiyeyi haikusemwa tena, siku hiyo wala baadaye. Mpaka leo mzee Owor ndiye mwenye solo, na mimi ni ridhimu kila likizo. Mwaka huu amepunguza tena. Kuna wimbo mmoja siku hizi ana sauti tatu tu za kupiga, na sisi wengine tunatetemeka kuzisubiri.

Sasa nikuambie ninalotaka kukuambia, maana kengele ya chakula ikilia nakujua, utaruka dirishani.

Piga mbio zako. Sikukatazi. Hata mzee hakuwahi kunikataza, na kuna nyimbo ananiachia kabisa niporomoshe mawe yangu, yeye anakunywa chai. Lakini usimwone mtu mzima anapunguza ukadhani amepungukiwa. Kaa karibu uangalie anapunguza nini, na anamwachia nani nafasi. Ukijifunza kitu cha mtu, jifunze alipo leo, kwa sababu pale alipokuwa zamani huenda alipaacha kwa sababu. Na ukiwa jukwaani, kabla hujainua kichwa kutazama nani amekutazama, geuka kwanza nyuma. Kuna mtu wa dramu pale. Huenda anakuuliza kitu, na akichoka kuuliza ataondoka, na utakuja kumsikia kwenye kanda wakati huwezi kumjibu.

Mungu akupe vidole vyepesi, mwanangu, na akuzidishie hayo maringo yako kwa kiasi ambacho walimu watavumilia. Vidole vikianza kuchoka, akuachie masikio. Akupe mwenzako wa kukujibu unaponyamaza, na akupe ujasiri wa kunyamaza hata mtu wa meza ya nyuma akiomba kiberiti. Na popote utakapopiga, watu wa hapo waweke simu zao chini, wainuke.